Katalitiki Ikifa, Uliza Kwanza Kilichoiua

Ifuatayo ni hotuba ya mkufunzi wa ufundi wa magari katika chuo cha mafunzo ya ufundi cha kaunti. Aliitoa mbele ya wakazi, wenye magari na mafundi wa jua kali katika kikao cha umma kuhusu usafi wa hewa. Tunaichapisha kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kifaa kimoja kilicho chini ya gari, ambacho wengi wetu hatukijui mpaka siku kinapotusumbua. Jina lake kamili ni katalitiki konveta. Gereji tunaiita katalitiki, na kile kilicho ndani yake tunakiita masega, kwa sababu kimetobolewa vijitundu vingi kama sega la nyuki. Leo nitazungumzia magari ya petroli, hasa yale yaliyokaa barabarani miaka mingi. Ya dizeli yana mambo yake, tutayazungumza siku nyingine.

Kabla sijaanza kufundisha, nataka kuungama.

Kisa cha gari la mwalimu

Miaka iliyopita, kabla sijaajiriwa kuwa mkufunzi, nilikuwa na gereji yangu kando ya barabara. Siku moja alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, na gari lake kuukuu aina ya stesheni wagoni. Kila asubuhi alikuwa akiwabeba watoto wake wawili na wa majirani watatu kwenda shuleni. Akaniambia, "Fundi, gari halivuti. Nikifika mlimani linakuwa kama limebeba mawe." Taa ya injini kwenye dashibodi ilikuwa ikiwaka.

Nilipolichunguza nikakuta katalitiki imeziba. Nikamwambia, "Mwalimu, hii kitu haina kazi. Ni ya Wajapani na baridi yao. Tukiitoa, gari litakimbia." Aliniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa fundi. Nikalikata kopo, nikayavunja masega kwa nyundo na chuma, nikalichomelea tena likiwa tupu. Gari likavuta. Akanilipa, akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu hivi alirudi akiwa na uso mwingine. Watoto walikuwa wakifika shuleni wanaumwa na kichwa. Mmoja alikuwa akitapika karibu kila asubuhi, na nyumbani walidhani ni chai ya maziwa. Siku za wikendi watoto wote walikuwa wazima. Mama mmoja jirani ndiye aliyeuliza, "Kwani wanaumwa wakiwa garini tu?"

Niliingia chini ya gari. Pale nilipochomelea palikuwa na ufa, chini kabisa ya kiti cha nyuma. Mpira wa mlango wa nyuma ulikuwa umechanika, na kwenye sakafu palikuwa na tundu la kutu. Moshi uliotakiwa kusafishwa na masega niliyoyavunja ulikuwa ukiingia moja kwa moja walikokaa watoto.

Ndugu zangu, gesi iliyokuwa ikiwaumiza inaitwa kaboni monoksidi. Ni ile ile ya jiko la makaa linalowashwa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi, na kila mwaka tunasikia familia zilizolala zisiamke. Haina harufu, haina rangi. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa ya oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua lakini mwili haupati hewa. Watoto wale walipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo sijayatoboa masega ya gari la mtu yeyote.

Kazi ya masega

Ndani ya kopo la katalitiki kuna jiwe la kauri lenye vijitundu maelfu. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani kwa kiasi kidogo sana: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini unapopita humo, gesi tatu mbaya hubadilishwa. Kaboni monoksidi huwa kaboni dioksidi. Mvuke wa petroli ambao haukuungua huwa maji na kaboni dioksidi. Oksidi za nitrojeni, zile zinazowasha kifua na kuwasumbua wenye pumu, huwa nitrojeni ya kawaida kama iliyo hewani. Katalitiki nzima iliyopata moto huondoa zaidi ya asilimia 90 ya gesi hizo.

Nimesema "iliyopata moto" kwa sababu kifaa hiki hakifanyi kazi kikiwa baridi. Huanza kufanya kazi kinapofika karibu nyuzi 300 za Selsiasi, na safarini hukaa juu ya hapo. Kwa hiyo tafadhali usiegeshe gari lililotoka safari ndefu juu ya nyasi kavu. Shamba linaweza kuwaka.

Zamani magari haya yasingeweza kutumika hapa kwetu, kwa sababu petroli yetu ilikuwa na risasi, na risasi huyafunika masega yakafa. Petroli ya risasi iliondolewa Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Yule fundi anayekwambia leo kwamba katalitiki haiwezi kufanya kazi na mafuta ya Kenya, anazungumzia mafuta ambayo hayauzwi tena. Na mimi niliyesema ni ya baridi ya Wajapani, nilikuwa nikisema nisilolijua.

Katalitiki haifi yenyewe

Sasa nirudi kwenye gari la mwalimu, kwa maana kosa langu halikuwa moja. Nilipolipima upya siku ile, nilikuta silinda ya tatu haikuwa ikiwaka vizuri. Koili yake ilikuwa imechoka na plagi yake nyeusi kama makaa. Petroli ya silinda hiyo ilikuwa ikitoka bila kuungua na kwenda kuungulia ndani ya katalitiki. Joto likapanda kupita kiasi, masega yakayeyuka, njia ya moshi ikaziba. Nilikuwa nimeitoa maiti na kumwacha muuaji ndani ya nyumba. Hata kama ningemwekea katalitiki mpya siku ya kwanza, ingekufa vile vile baada ya miezi michache.

Hili ndilo ninalotaka mwende nalo nyumbani: katalitiki ikifa, usiulize kwanza bei ya nyingine. Uliza kwanza kilichoiua.

Wauaji wenyewe ni hawa.

Wa kwanza ni plagi na koili mbovu. Gari likitetemeka likiwa limesimama na taa ya injini ikipepesa, usiendelee na safari ukisema utalitengeneza mwisho wa mwezi. Taa inayopepesa inakuambia kwamba katalitiki inaungua wakati huo huo.

Wa pili ni injini inayokula oili. Ukiona moshi wa buluu, au unaongeza oili kila wiki, jua kwamba dawa zilizo ndani ya oili hiyo zinaenda kuyafunika masega.

Wa tatu ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, mara nyingi kwa sababu gasketi ya kichwa cha injini imepasuka. Dalili ni moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, na rejeta inayopungua maji bila kuvuja chini.

Wa nne ni petroli inayozidi. Sensa ya oksijeni ya mbele ikichakaa, au injekta ikivuja, injini hunyweshwa mafuta kuliko inavyohitaji. Utaliona gari linakula mafuta na bomba la nyuma limejaa masizi.

Wa tano ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mchezo huu ndio uliofanya serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, ili kuchanganya kusiwe na faida. Nunua petroli kwenye kituo unachokiamini na uombe risiti.

Wa sita ni sisi wenyewe: jiwe la barabarani, tuta lililorukwa kwa kasi, na fundi anayepaka gundi ya silikoni ovyo kwenye viungo vya ekzosi vilivyo mbele ya katalitiki.

Pima kabla ya kununua

Dalili za katalitiki mbovu ni gari kukosa nguvu mlimani, kwa mfano unapopanda kutoka Mai Mahiu na matatu zote zinakupita. Sauti ya njuga chini ya gari, kwa sababu masega yamevunjika na yanachezacheza ndani ya kopo. Harufu ya mayai yaliyooza. Joto jingi sakafuni. Na taa ya injini.

Lakini kila dalili hapo ina sababu nyingine pia. Fundi akichomeka mashine na kusoma kodi P0420, maana yake ni kwamba kompyuta imeona katalitiki haisafishi inavyotakiwa. Haijasema "nunua nyingine". Ufa kwenye ekzosi karibu na sensa unaweza kuleta kodi hiyo hiyo. Sensa ya nyuma iliyochoka pia inaweza.

Kwa hiyo mwombe fundi afanye vipimo vitatu, nawe usimame hapo uone. Kwanza, akague ekzosi yote kutoka injini hadi nyuma kama kuna mahali panapovuja. Injini ikiwa baridi, povu la sabuni kwenye viungo litamwonyesha. Pili, gari likiwa limepoa, aligonge kopo kwa nyundo ya mpira na kusikiliza kama kuna vipande vinavyolia ndani. Tatu, kama gari halivuti, afungue sensa ya mbele na kuweka geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikizungushwa mara 2,500 kwa dakika, presha ikipita pauni 3 kwa inchi ya mraba, kuna mahali pameziba. Hata hapo ahakikishe kwamba si sailensa ya nyuma iliyoziba.

Fundi ambaye hana geji wala mashine ya kusoma kodi anaweza kuwa fundi mzuri kwa kazi nyingine. Kwa kazi hii, mpeleke gari kwa mwenye vifaa.

Ukienda kununua

Kuna njia tatu. Ipo mpya ya kampuni iliyotengeneza gari, ambayo ni bora na ni ghali. Ipo mpya ya kampuni nyingine, yenye bei nafuu, ambayo ubora wake hutofautiana sana. Na ipo iliyotumika, ile tunayoiita "ex-Japan", kama zinazouzwa Kirinyaga Road kule Nairobi na katika miji mingine.

Wengi wetu tutanunua iliyotumika, nami silaumu. Ila usinunue kopo kwa sura. Ishike mkononi, iinue uelekeze kwenye jua au mulika tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, kama umbo la bomba linaruhusu. Vijitundu vyote viwe wazi na vilivyonyooka. Ukiona mahali pamegandamana kama nta iliyoyeyuka, irudishe. Ukiona oili au masizi mazito, irudishe. Ukiitikisa ikalia, irudishe. Na ikiwa nyepesi isivyo kawaida, huenda hakuna kitu ndani kabisa. Wapo wanaouza makopo matupu yaliyochomelewa vizuri kuliko nilivyochomelea mimi.

Hakikisha inalingana na injini yako, si na jina la gari tu. Gari la jina moja linaweza kuwa na injini tatu tofauti. Katalitiki ndogo kuliko injini haitasafisha na itaubana moshi. Andika namba ya injini na namba ya chasi uende nazo dukani, na upate risiti yenye muda wa dhamana.

Mtu akikuambia kwamba ana kifaa kidogo cha kuweka kwenye sensa ya nyuma ili taa izimike, mwambie asante, kisha ondoka. Taa itazima, lakini moshi utabaki ule ule.

Kuifunga

Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi mwenye subira. Gari lipoe kabisa. Liinuliwe kwa jeki, kisha likalishwe juu ya stendi imara. Narudia kwa vijana: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tawaya hasi ya betri ifunguliwe. Nati za ekzosi kuukuu huwa zimeshikwa na kutu, kwa hiyo zipulizwe oili ya kulainisha kutu, ikiwezekana usiku uliotangulia, badala ya kuzivunja kwa nguvu. Sensa itolewe kwa spana yake maalumu, isivutwe kwa waya.

Katalitiki mpya ina mshale unaoonyesha moshi unakoelekea. Uelekee nyuma ya gari. Gasketi ziwe mpya, usikubali za zamani zirudishwe. Nati zishikwe zote kwa kulegea kwanza, bomba likae sawa kwenye mipira yake, ndipo zikazwe. Ile ngao ya bati ya kuzuia joto irudishwe mahali pake, isitupwe pembeni kwa kuwa "inapiga kelele". Kisha injini iwashwe, viungo vikaguliwe, kodi ifutwe, na gari liendeshwe siku kadhaa. Kabla ya mwezi kwisha rudi kwa fundi asome tena kompyuta.

Na kabla ya haya yote, yule muuaji awe amekwisha kushughulikiwa. Plagi kwanza, koili kwanza, oili kwanza. Katalitiki mwisho.

Kama pesa haitoshi

Najua swali lililoko kichwani mwa wengi: nitapata wapi pesa hiyo, na karo ya shule ipo? Fanya kwa hatua. Tengeneza kilichoiharibu, kwa maana mara nyingi plagi na koili ni rahisi kuliko katalitiki. Ziba kila mahali ekzosi inapovuja, hasa chini ya viti, na ubadilishe mipira ya milango iliyochakaa. Hiyo inalinda watu wako kuanzia leo. Kisha weka akiba ya katalitiki kidogo kidogo. Lakini ikiwa imeziba kabisa na gari halivuti, usilazimishe. Joto litarudi kwenye injini na gharama itakuwa kubwa zaidi.

Ile ya zamani ni mali yako. Usimwachie fundi kama takataka. Madini yaliyomo yana soko, na ndiyo maana wezi huingia chini ya magari usiku na misumeno. Ukiiuza, muuzie mfanyabiashara wa vyuma chakavu mwenye leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015. Na nyinyi vijana mnaoyaponda masega kwa nyundo ili mpate unga wake, vumbi lile linaingia mapafuni mwenu. Acheni.

Hewa ni yetu sote

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo idara ya mazingira ina wajibu, na nimewaambia maafisa waliopo hapa kwamba mafundi wa jua kali wanahitaji mafunzo na vifaa vya kupimia kabla ya kuletewa askari. Lakini askari hatakuwa chini ya kila gari. Chini ya gari tupo sisi mafundi, na anayetuambia tufanye nini ni wewe mwenye gari.

Angalieni stendi yetu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Magari yananguruma, na mama anayeuza maandazi amekaa kimo kile kile cha mabomba ya moshi. Mtoto aliyeshikwa mkono na mamaye yuko chini zaidi. Hawana gari, lakini ndio wanaolipia masega tuliyoyavunja.

Yule mwalimu nilimrudishia pesa zake. Nilitafuta katalitiki iliyotumika iliyo nzima, nikaifunga kwa gharama yangu, nikabadilisha koili na plagi, nikaziba sakafu na kuweka mpira mpya mlangoni. Ilinichukua miezi miwili kulipa deni la duka la vipuri. Wanafunzi wangu hukisikia kisa hiki siku ya kwanza ya darasa la ekzosi, kabla sijawaonyesha spana.

Mkirudi nyumbani, washeni gari likiwa baridi, mwinamishe kichwa na kusikiliza chini yake. Mkisikia pumzi ya moshi mahali pasipo bomba, msiwapakie watoto mpaka mmeziba.

 Sasa niko tayari kwa maswali, na mafundi wenzangu mnaruhusiwa kunikosoa.